Mimea ya hewa kwa roshani ya Nyali: ninunue yenye ua au isiyo na ua?

BarazaYaNyali
Salaam wadau wa bustani. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa. Kuna muuza miche kando ya barabara huku kwetu Nyali, Mombasa, ameleta mimea ya hewa, ile isiyotaka udongo, aina tatu. Ya kwanza kubwa, ya kijivu, majani mapana yamejikunja mpaka chini. Ya pili ndogo, inaenea kiganjani, katikati imekuwa nyekundu kabisa na imechomoza viua vyembamba vya zambarau. Ya tatu ni ya kijani, chini imevimba tumbo, juu majani membamba yanapindapinda.

Ile yenye ua bei yake karibu mara mbili ya mwenzake wa saizi hiyohiyo asiye na ua. Muuzaji ashikilia, "hii ishakomaa, hii ndiyo bora." Roshani yangu iko ghorofa ya tatu, inatazama bahari, upepo hauishi. Maji ya bomba ni ya zamu. Yakikatika tunatumia ya kisima. Mume wangu ashaniambia nisilete tena kitu cha kufa ndani ya nyumba, kwa hivyo nataka nichague vizuri. Ipi itastahimili? Na hilo ua ni faida au ni hasara?

Chumvi_Likoni
Hautaki udongo, hautaki chungu, maji unanyunyiziwa. Hata kodi haulipi. Mimi mwenyewe nataka kuwa mmea wa hewa.

KitaluChaMtwapa
Dada, usiinunue hiyo yenye ua kwa bei hiyo. Nakueleza kwa nini.

Kwa ulivyoieleza, ya kijivu ni Tillandsia xerographica, ndogo nyekundu ni Tillandsia ionantha, na yenye tumbo ni Tillandsia bulbosa. Kwao ni Amerika, hasa Mexico na nchi za Amerika ya Kati, na huko hukaa juu ya miti. Hazinyonyi mti hata tone. Mizizi yake kazi yake ni kushika tu. Ni ukoo wa bromelia, ukoo mmoja na nanasi, na hapo ndipo jibu la swali lako lilipo.

Nanasi likishazaa, shina lile halizai tena. Tillandsia ni hivyo hivyo. Kila mmea huchanua mara moja maishani mwake. Kile kiini cha katikati kinachotoa majani mapya ndicho kinachogeuka ua, na kikishageuka hakirudi. Hautaona jani jipya tena pale kati. Kuanzia hapo nguvu za mama zinakwenda kwa watoto wanaochipua ubavuni au chini ya majani, naye anazeeka polepole.

Kwa hivyo muuzaji hakukudanganya aliposema imekomaa. Lakini ile zambarau unayoiona kwa ionantha ni ya siku chache. Ule wekundu wa majani utadumu wiki kadhaa, kisha unafifia. Yaani unalipa mara mbili kwa kitu ambacho kesho kutwa hukioni.

Mimi ningechukua ionantha iliyoshiba, bado kijani chenye ukungu wa kijivu, ambayo majani ya kati ndiyo kwanza yanaanza kuona haya, yaani kuwa mekundu kwa mbali. Hiyo utaiona ikigeuka rangi nyumbani kwako, ua litoke mbele ya macho yako, na watoto wafuate.

BiMaua_Kuze
Mwanangu, mie ningenunua hiyohiyo yenye ua, lakini baada ya kuigeuza chini juu.

Itie mkononi, uifunue majani ya chini taratibu. Ukiona vichipukizi, hata kama ni vidogo kama punje, basi hununui mmoja, wanunua mama na wanawe. Hapo mwambie muuzaji, "Huyu mzazi, umri wake umekwenda, nipunguzie." Atapunguza, maana yeye mwenyewe ajua ua likinyauka hakuna atakayemuuliza bei. Usipoona kitu chini, muachie.

Watu wa siku hizi waogopa neno kufa. Mgomba wakatwa kila siku baada ya mkungu na hakuna anayelia, kwa sababu kila mtu aona machipukizi yako pale. Hii nayo ndiyo hivyo. Mie nina fungu la ionantha limening'inia uani hapa Mji wa Kale, mama wa kwanza alishakauka zamani akamezwa na wanawe, na wao washazaa. Sasa ni tufe zima, likichanua lachanua pande tatu nne kwa pamoja.

Chumvi_Likoni
Bi Maua shikamoo. Swali la kizushi: mbona kwa bibi yangu Kisauni iko hii kitu tangu zamani? Waweka jani mezani, bila udongo, bila maji, lachipua vitoto pembeni mwa jani. Si ndiyo mmea wa hewa huo?

BiMaua_Kuze
Marahaba. Huo mwengine, mjukuu wangu.

Darubini_Tudor
Wa bibi yako ni Kalanchoe pinnata, asili yake Madagaska. Jani lake ni nene, lina akiba ya maji, ndiyo maana huchipua likiwa mezani, lakini ukitaka ukue lazima uupe udongo. Hauhusiani na Tillandsia hata kidogo. Uulize bibi anautumia kwa nini, lakini usimning'inizie kwenye waya.

Na kwa kuwa nimeingia: bromelia karibu zote ni za Amerika. Afrika nzima ina spishi moja tu ya asili, Pitcairnia feliciana, nayo iko Guinea, juu ya miamba. Kwa hivyo hizi za Nyali ni wageni kabisa, hakuna msitu wa Pwani utakaozikuta. Ukiona kitu kimekaa juu ya mti huko kwenye misitu ya Kaya au Shimba Hills, yaelekea ni okidi au kangaga.

Jina lenyewe la Tillandsia alilitoa Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, kumkumbuka daktari mmoja wa Åbo, sasa Turku huko Finland, Elias Tillandz (1640–1693). Inasimuliwa kwamba alivuka bahari kwenda Stockholm akachafukwa na mawimbi vibaya, na wakati wa kurudi akaona heri azunguke ghuba nzima kwa nchi kavu. Linnaeus alidhani mimea hii nayo haipendi maji. Hapo alikosea: inapenda maji sana, isichokipenda ni kukaa imelowa.

KisimaChaBombolulu
Hilo la mwisho nataka nilielewe. Mmea hauna mizizi ya kunywa, hauna udongo, maji unapenda, lakini hautaki kulowa. Unakunywaje?

Darubini_Tudor
Kwa majani. Angalia jani la xerographica juani kwa karibu, ule weupe si vumbi. Ni vimagamba vidogo sana vilivyopangana. Vikiwa vikavu vinasimama na kuakisi jua. Vikipata maji vinalala, vinayafyonza na kuyaingiza ndani ya jani. Ndiyo maana mmea wa kijivu ukiutia maji hugeuka kijani papo hapo. Kadiri mmea ulivyo mweupe ndivyo vimagamba vilivyo vingi, na ndivyo unavyovumilia jua na ukavu. Wa kijani kama bulbosa una vichache, unataka kivuli zaidi na unyevu zaidi.

Jambo la pili ni la usiku. Mimea mingi hufungua vitundu vyake vya kupumulia mchana. Tillandsia, kama mananasi, hufungua usiku, kwa kuwa mchana ingepoteza maji mengi mno. Usiku ndiyo inavuta kabonidayoksaidi na kuihifadhi, mchana inaitumia. Sasa ukiinyunyizia maji magharibi, ikalala na utando wa maji juu ya majani, umeiziba pumzi usiku kucha. Maji ni asubuhi. Iwe imekauka ndani ya saa nne hivi.

BarazaYaNyali
Nimeelewa sasa kwa nini ya jirani yangu ilioza, alikuwa akiitia maji kila akitoka kazini usiku. Na upepo wa bahari? Jua? Naogopa mchana wa Januari.

KitaluChaMtwapa
Kama roshani inatazama bahari na uko Nyali, basi inatazama mashariki. Jua lako ni la asubuhi, na mchana nyumba yenyewe inakupa kivuli. Hiyo ni bahati, wengi wetu tunatafuta neti ya kivuli ili tupate hali hiyo. Xerographica na ionantha zitafurahi hapo. Bulbosa isogeze ndani kidogo, karibu na mlango.

Upepo ni mzuri mpaka kiasi fulani. Bila upepo huoza, hilo ndilo linaloua nyingi kwenye nyumba za vioo vilivyofungwa. Lakini upepo wa Nyali una kazi mbili: unakausha haraka, na unaleta chumvi. Kusi likivuma kwa nguvu, roshani za mbele ya bahari hupata ule mvuke wa chumvi moja kwa moja. Bulbosa kwao hukutwa mpaka kwenye mikoko, kwa hivyo chumvi kidogo ya hewani haitaiua, lakini usiiache ijikusanye juu ya majani. Suuza kwa maji matamu. Wakati wa kaskazi, joto na upepo mkavu, ongeza maji. Masika, zikiwa nje zinapigwa na mvua, usiongeze chochote, hakikisha tu zinapata hewa na maji hayatuami katikati.

Ratiba ya kawaida: ionantha itumbukize kwenye beseni nusu saa, mara moja kwa wiki, kaskazi hata mara mbili. Itoe, igeuze kichwa chini, ikung'ute, iache imelala ubavu mpaka ikauke. Xerographica usiilaze majini muda mrefu. Ichovye na kuitoa, na kuikung'uta ni lazima, maana majani yake yanashika maji kwenye makwapa. Bulbosa ndiyo ya hatari zaidi, lile tumbo ni la majani yaliyokumbatiana na ndani ni patupu. Kwao sisimizi hukaa mle. Maji yakiingia na yasitoke, imeisha. Chovya ikiwa imeinama.

Na ikiwa na ua, usilitumbukize ua. Nyunyizia majani tu.

KisimaChaBombolulu
Maji gani? Kisima chetu ukikoga sabuni haitoi povu.

KitaluChaMtwapa
Basi hayo usitumie. Maji mengi ya visima vya Mombasa yana chumvi, na mmea unaokunywa kwa jani hauna udongo wa kuchuja chochote. Chumvi inabaki kwenye vimagamba, ncha za majani zinakauka, kisha zote. Maji ya mvua ndiyo bora, weka pipa au ndoo masika, ufunike kwa ajili ya mbu. Ya bomba yaache kwenye ndoo wazi usiku mmoja. Na usitumie yale yaliyopitishwa kwenye mashine ya kulainisha maji, yana sodiamu.

Jengine ambalo watu hawalijui: shaba ni sumu kwa bromelia. Ule waya mwekundu wa umeme ambao mafundi wanaacha saiti, unaonekana mzuri kwa kufungia, usiuguse. Wala dawa za kuvu zenye shaba.

MgeniWaBara
Nafuatilia kutoka Nairobi, nakuja Mombasa mwezi ujao. Nimeona picha za moja nyeupe kama theluji, ina manyoya, Tillandsia tectorum. Naweza kuipata Mombasa nije nayo?

Darubini_Tudor
Ukiipata Mombasa ihurumie. Tectorum ni ya milima ya Andes, Ecuador na Peru, imezoea jua kali, usiku wa baridi na hewa kavu. Ule unyoya ni vimagamba vilivyorefuka. Joto letu la mvuke halijaizoea hata kidogo. Nairobi, kwenye mita 1,800 hivi juu ya bahari na usiku wenu wa baridi, ina nafasi nzuri zaidi kuliko huku. Sisi tuachie ionantha, bulbosa, brachycaulos, caput-medusae, streptophylla. Hizo zinajua joto.

BiMaua_Kuze
Na usneoides, mbona mwaisahau? Zile nyuzi za kijivu zinazoning'inia kama ndevu za mzee. Yangu iko dirishani, haina mzizi hata mmoja. Yachanua viua vya kijani hafifu, vidogo, huvioni usipovitafuta, lakini usiku vyanukia. Watu wauliza umefukiza nini.

KitaluChaMtwapa
Bi Maua hajasahau, sisi tumesahau. Hiyo kwa unyevu wa Mombasa ni rahisi kuliko zote, mradi usiirundike. Ikiwa fungu nene, la ndani linakosa hewa na kugeuka jeusi. Huko Louisiana, Marekani, waliwahi kuikausha na kujazia magodoro na viti vya magari.

RoshaniYaTudor
Samahani naingia na langu. Nina ionantha, ilichanua vizuri, ua likakauka. Sasa majani ya chini yanageuka kahawia na mimi naongeza maji lakini haisaidii. Inaoza au ni huo uzee mnaousema?

KitaluChaMtwapa
Swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu, ngoja nilijibu kwa kirefu.

Ishike kwenye kitako, bana kidogo. Kama kitako ni kigumu, na majani yanayokauka ni ya nje, yanaanzia nchani kurudi ndani, na ni makavu, karatasi, huo ni uzee. Mama anavuta alichonacho na kuwapelekea wanawe. Hayo majani yaliyokauka kabisa yavute taratibu, yatatoka yenyewe, yanayong'ang'ania yaache.

Kama kitako ni laini, cheusi au kahawia yenye maji, kinanuka, na ukishika majani ya katikati ukayavuta kidogo yanatoka yote mkononi, huo ni uozo. Huo hauponi. Lakini usitupe kabla hujaangalia ubavuni, kwani kiini cha katikati kikifa, mara nyengine kitako kilichobaki kizima bado hutoa chipukizi. Kikaushe, kiweke penye hewa, subiri.

Kuongeza maji kwa mama mzee ndiko kunakomgeuza kutoka uzee kwenda uozo. Endelea na kiasi kilekile cha kawaida. Mama baada ya ua anaweza kuishi miezi mingi, wengine mwaka au zaidi, na muda huo wote ana faida. Watu wanatupa mmea wiki ya tatu baada ya ua kwa sababu umepoteza rangi, na ndani ya majani kuna watoto wawili hawajaonekana.

RoshaniYaTudor
Kitako kigumu! Na nimefunua, kuna kitu cha kijani pembeni, ukubwa wa kucha. Alhamdulillahi. Nakitoa lini?

KitaluChaMtwapa
Kikifika theluthi moja ya mama, au nusu ukiwa mvumilivu. Shika mama mkono mmoja, mtoto mkono mwengine, zungusha chini kabisa pale alipoungana. Akikataa, hajawa tayari. Ukitumia kisu, kidonda kiache kikauke siku moja mbili kabla ya maji.

BiMaua_Kuze
Usimtoe. Kuna haraka gani?

KitaluChaMtwapa
Bi Maua, sote tungekuwa na ua wa nyumba wenye kivuli kama wako tusingekuwa na haraka. Mimi nauza miche, nisipotenganisha sina biashara. Na ukitenganisha, mama mara nyingi hutoa mwengine. Nimepata watoto zaidi kwa njia hiyo kuliko kwa kuacha fungu.

BiMaua_Kuze
Nawe umepata watoto wengi wadogo. Mie nimepata wachache wakubwa, na wakwangu walichanua mapema kuliko wako, tulishabishana hili. Mtoto aliyeshikana na mama anyonya kwa mama. Aliyetengwa aanza maisha peke yake.

Darubini_Tudor
Wote mna haki, ni suala la unataka nini. Mtoto aliyebaki kwa mama kwa kawaida hukua haraka zaidi. Mtoto wa ionantha anaweza kuchanua baada ya mwaka mmoja mpaka mitatu, kutegemea mwanga na lishe. Xerographica ni habari nyengine, hiyo hesabu miaka mingi, lakini malipo yake ni makubwa: shina la ua hupanda juu na matawi yake, na rangi hudumu miezi kadhaa.

Na fungu likiwa nene mno, la katikati halikauki. Hapo hata Bi Maua atatenganisha.

BiMaua_Kuze
Hapo nitatenganisha.

Chumvi_Likoni
Nimeona video jamaa kafunga mmea kwenye mfuko na tofaa bivu, ukatoa ua. Uchawi au ukweli?

Darubini_Tudor
Kweli. Matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, na bromelia zikiipata zinaanza kutengeneza ua. Wakulima wa mananasi wanatumia dawa inayotoa gesi hiyohiyo ili shamba zima lizae kwa wakati mmoja. Ndizi mbivu nayo inafaa, si lazima tofaa.

Lakini mmea uwe umekomaa. Ukiulazimisha mchanga utatoa ua dhaifu au usitoe kitu, na kama nilivyosema kiini ni kimoja. Umeshakitumia. Mmea utakuwa na nguvu ndogo ya kulea watoto. Mimea inayouzwa ikiwa na maua yote kwa siku moja, saizi moja, mara nyingi imelazimishwa hivyo kwenye vitalu vya kuuza nje. Mfuko wenyewe kwa joto letu ukiusahau juani, umepika mmea.

Binafsi sioni raha yake. Hapa kwetu nyuzi 4 kusini mwa ikweta mchana na usiku ni karibu sawa mwaka mzima, kwa hivyo usitegemee tarehe za vitabu vya Ulaya. Mpe mwanga wa kutosha na umri wake ufike. Ionantha iliyo kwenye kona ya giza inaweza kukaa miaka hai, kijani, bila hata kuona haya.

KitaluChaMtwapa
Na mbolea. Kidogo sana, robo ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa mwezi, ndani ya maji ya kuchovyea. Tafuta isiyokuwa na shaba wala boroni nyingi.

MgeniWaBara
Mbegu je? Hakuna mbegu?

Darubini_Tudor
Zipo. Ua likichavushwa hutoa kidonge chembamba, kinachukua miezi kukomaa, kikipasuka mbegu hutoka na manyoya, zinapeperuka na kunasa kwenye gome. Kwao wanaochavusha nyingi ni ndege wavumaji, ambao Afrika hatuna. Na spishi nyingi hazijichavushi zenyewe, zinataka chavua ya mmea mwengine wa aina yake uliochanua wakati mmoja. Ukiwa na mbili zilizochanua pamoja, tumia brashi laini. Mbegu humea bila taabu, lakini mwaka wa kwanza utakuwa unaangalia vitu vya milimita chache. Mpaka ua ni miaka. Watoto wa ubavuni ndiyo njia ya mtu mwenye shughuli zake.

KisimaChaBombolulu
Ndugu yangu yuko Florida, anakuja Disemba. Nimwambie anitilie kumi kwenye sanduku, si hazina udongo?

KitaluChaMtwapa
Usimponze ndugu yako. Kutokuwa na udongo hakubadilishi sheria. Mmea wowote unaoingia Kenya unataka kibali cha kuingiza mimea cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, kinachotolewa kabla mmea haujasafiri, na cheti cha afya ya mmea kutoka nchi ilikotoka. Xerographica zaidi ya hapo iko kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa sababu ilivunwa sana porini Guatemala na jirani zake, kwa hivyo ina karatasi zake za ziada, na huku zinapitia KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Ndiyo maana ya halali si rahisi kwa bei. Ukiuziwa xerographica kubwa kwa bei ya mchicha, uliza imetoka wapi.

BarazaYaNyali
Nimerudi kutoka kwa muuzaji. Nimefanya kama alivyosema Bi Maua, nimezigeuza zote. Yenye ua haikuwa na mtoto hata mmoja, na chini ilikuwa na gundi nene, ilikuwa imebandikwa kwenye kipande cha mti. Nimeiacha. Ya kijivu alisema ni ya "kitalu cha Nairobi" lakini karatasi hana, nayo nimeiacha. Nimechukua ionantha isiyo na ua, kitako kigumu, nzito kwa umbo lake, majani ya kati yameanza wekundu kwa mbali. Na bulbosa moja yenye mtoto. Nimeambiwa ipo ya bluu na ya waridi anaweza kuniagizia.

KitaluChaMtwapa
Za bluu hizo zimepakwa rangi. Rangi inaziba vimagamba, mmea unakufa kiu ukiwa majini. Mwambie ahsante.

Gundi nayo umefanya vyema kuikimbia, inafunika pale pale watoto wanapotokea.

BarazaYaNyali
Za kwangu nizishikize na nini? Nina kumbi za nazi na kipande cha mvinje kilichookotwa ufukweni.

KitaluChaMtwapa
Kumbi hapana, linashika maji muda mrefu. Kifuu kitupu kilichotobolewa chini ni sawa. Mvinje wa ufukweni uroweke kwenye maji matamu siku kadhaa, ubadilishe maji, chumvi itoke. Kisha funga kwa mshipi wa kuvulia samaki, ule mwembamba, usikaze. Bulbosa ifunge ikiwa imeinama, mdomo usitazame juu.

BiMaua_Kuze
Mwanangu, mtoto wa hiyo bulbosa usimguse mwaka huu. Na ukipita Mji wa Kale nitumie ujumbe, nitakukatia usneoides ya kutosha dirisha moja. Chukua mfuko wa karatasi, si wa nailoni.

Chumvi_Likoni
Na mimi Bi Maua?

BiMaua_Kuze
Wewe kamletee bibi yako Kisauni maji kwanza.